Kifaransa cha kuuzia: neno dogo lililonigharimu laki moja na nusu

Leo sizungumzii picha za bidhaa wala matangazo ya kulipia. Nazungumzia sarufi ya Kifaransa. Najua kuna mtu ameshaanza kusogeza skrini, hebu ngoja kwanza. Kama unauza mtandaoni na una mteja hata mmoja wa Lubumbashi, Bukavu, Goma, Bujumbura au Komoro, basi haya mambo yanagusa hela yako moja kwa moja.

Mimi si mwalimu. Nimeishia kidato cha nne, na shule yetu haikuwa na somo la Kifaransa. Nina kiduka cha mikoba ya kike hapa Kariakoo na mauzo yangu mengi yanapitia kwenye simu. Hiki kidogo ninachokijua nimekisomea kwa ada ya hasara, ndo maana nakupa bure.

Ilikuwa hivi. Nina mteja, mama mmoja wa Lubumbashi, nilikuwa nimeshamuuzia mara mbili bila tatizo. Tunaongea Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha Dar, tunaelewana. Lakini wenzetu wa kule wana mazoea yao: maongezi yanakwenda kwa Kiswahili vizuri tu, ikija habari ya idadi, rangi na bei wanahamia Kifaransa. Si maringo. Ndiyo lugha ya darasani na ya ofisini kwao. Siku hiyo akaniandikia anataka dazeni tatu za mkoba fulani niliouweka stetasi, akamalizia na meseji hii:

"Je ne veux que les noirs."

Mimi nilikuwa na vimaneno vyangu vya kuokoteza. "Je" ni mimi. "Veux" ni nataka. "Noirs" ni nyeusi. Na "ne" nilishaambiwa ni ya kukataa. Nikajumlisha haraka haraka: sitaki myeusi. Nikajiona bingwa. Nikaenda kuchukua mikoba 36 kwa mali kauli, 18,000 mmoja, jumla 648,000. Kahawia, nyekundu, bluu, ya maziwa. Mweusi hata mmoja sikuweka. Mzigo ukaondoka, ukapita Tunduma, ukakatiza Zambia, ukaingia Kasumbalesa mpaka Lubumbashi.

Mama alipofungua alinipigia. Hakufoka. Aliniambia taratibu tu: "Mwanangu, si nilikuambia nyeusi tu?" Kumbe mikoba ilikuwa ya kwaya ya akina mama, wote sare moja, na shughuli yao ilikuwa Jumapili ileile. Kurudisha mzigo ni nauli nyingine na usumbufu mwingine wa mipakani. Tukakubaliana aiuze mwenyewe kidogo kidogo, mimi nimpunguzie 150,000. Faida yangu kwenye oda ile ilikuwa haifiki hata huko. Na mwenye mali kauli haulizi habari za sarufi, anauliza hela yake iko wapi.

Sentensi ile maana yake ni "Sitaki ila myeusi." Yaani nataka myeusi tu. Kilichoniua ni "que", neno la herufi tatu.

Toka siku hiyo nikafungua daftari. Jirani yangu wa duka ni Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, tukawa tunakaa jioni kabla ya kufunga, kanuni moja kwa siku. Nilichogundua ni kwamba maneno makubwa kama mkoba, bei, mzigo unaweza kuyatafuta ukayapata. Hasara inakaa kwenye vile vineno vidogo ambavyo wewe unavirukia. Ndivyo nitakavyokupa leo, kimoja kimoja, na pale ambapo Kiswahili chetu kinatusaidia nitakuonyesha.

1. Kukataa: sikiliza neno la pili

Sisi Waswahili kukataa tunakuweka mwanzoni kabisa: sitaki, hataki, hatutaki. Sikio letu likishanasa "si" au "ha", limemaliza kazi. Kifaransa kinafunga kitenzi katikati ya maneno mawili: "ne" mbele, na jingine nyuma. "Ne" peke yake haikuambii kitu cha maana. Neno la nyuma ndilo linalosema anakataa nini. Angalia:

- Je ne veux pas = sitaki.
- Je ne veux plus = sitaki tena.
- Je ne veux rien = sitaki chochote.
- Je n'ai jamais reçu le colis = sijawahi kupokea mzigo.
- Je ne veux que les noirs = sitaki ila myeusi, yaani myeusi tu.

Umeona hiyo ya mwisho? Si kukataa hata kidogo, ni kuchagua. Na Kiswahili tunayo kabisa: "sina ila hii", "sitaki ila ile". Ningetulia nikajiuliza "que" imekaa pale kufanya nini, ningeelewa.

Halafu kuna mtego mwingine. Kwenye kuongea na kuchati watu wanaidondosha ile "ne". Wanasema "je veux pas", "j'ai pas". Kwa hiyo ukiisubiri "ne" ndipo ujue anakataa, umeachwa stendi. Na ubaya zaidi ni meseji kama hii: "J'en veux plus." Hapo inaweza kuwa "nataka zaidi" au "sitaki tena". Kwa sauti mara nyingi utazitofautisha: ya zaidi husikika s mwishoni, "plis", na ya sitaki tena haina s, "pli". Kwenye maandishi zote sawa. Usibahatishe. Muulize: "Encore, ou c'est fini ?" Nyingine tena, au basi?

2. Majina yana ngeli mbili tu

Watu wanaogopa Kifaransa kwa sababu ya mambo ya kiume na kike. Mkoba ni wa kiume, gauni ni la kike, kwa nini? Ndugu yangu, wewe unasema mkoba mweusi, gauni jeusi, kiatu cheusi, nguo nyeusi, na hukuwahi kumuuliza bibi yako kwa nini. Hizo ni ngeli. Sisi tunazo rundo, wao wanazo mbili. Hapo wewe ndiye uliyezoea kazi ngumu.

Kiume inatumia "le" au "un", kike inatumia "la" au "une". Le sac, mkoba. Le pantalon, suruali. La robe, gauni. La chemise, shati. Ushauri wangu: usiandike kwenye daftari "sac = mkoba". Andika "le sac = mkoba". Neno na ngeli yake viingie kichwani pamoja, vinginevyo utakuja kuvitafuta baadaye.

Na kama kwetu, sifa inafuata jina, na inakubaliana nalo. Kiswahili tunasema gauni jeusi, wao "robe noire". Rangi nyingi zinakaa nyuma hivyohivyo:

- sac noir, sacs noirs (mkoba mweusi, mikoba myeusi)
- robe noire, robes noires (gauni jeusi, magauni meusi)
- sac blanc, robe blanche (-eupe)
- sac vert, robe verte (kijani)
- marron (kahawia) haibadiliki kabisa, mkoba au gauni, moja au mengi.

Sifa chache zinatangulia jina: petit (dogo), grand (kubwa), bon (zuri, lenye ubora), nouveau (jipya). Un petit sac, mkoba mdogo.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo muuzaji anapoliwa. Ile s ya wingi mara nyingi haitamkwi. "Carton" na "cartons" kwa sauti ni kitu kimoja. Wingi unausikia kwenye kineno cha mbele: le carton ni katoni moja, les cartons ni katoni nyingi. Na kwa Mswahili hapo pana mtego wa nguvu: "les" yao inasikika kama "le" yetu. Ile "le" ya umoja wanaitamka kwa sauti fupi ya kumezwa, mdomo umeviringwa kidogo. Kwa hiyo ukisikia kwenye ujumbe wa sauti "le" safi kabisa kama ya Kiswahili, huyo anasema vingi. Mimi nilikuwa nasikia kinyume. Isikilize mara tatu, kisha uliza idadi.

3. Amelipa, au atalipa?

Kitenzi kulipa ni "payer". Kuna "payer", kuna "payé", kuna "payez". Zote tatu zinatamkwa "peye". Sasa mteja kakutumia sauti, wewe umenasa "peye", ukaachia mzigo. Umekwisha.

Kinachokuokoa ni kineno kilichotangulia:

- J'ai payé = nimelipa.
- Je vais payer = nitalipa (neno kwa neno: naenda kulipa).
- Je viens de payer = nimetoka kulipa sasa hivi.
- Payez = lipeni, au lipa kwa heshima.

Hiyo "je viens de" ni ndugu kabisa na "nimetoka kulipa" ya kwetu, kwa hiyo haikusumbui. Chunga "ai" na "vais". Ukisikia "ai", tendo limeshafanyika. Ukisikia "vais", bado. Mimi kuna mteja aliniambia "je vais payer ce soir", atalipa jioni hii, na kidogo nimkabidhi mzigo bodaboda aupeleke kwenye basi. Nikakumbuka daftari, nikauliza: "Vous avez payé ?" Mmeshalipa? Akajibu bado, anasubiri mumewe. Na hata akisema amelipa kwa Kifaransa kilichonyooka, angalia salio lako. Sarufi nzuri haiingizi hela kwenye simu.

Kanuni hiyohiyo inakufaa wewe ukizungumza. "J'ai envoyé le colis", nimetuma mzigo. "Je vais envoyer le colis demain", nitatuma mzigo kesho. Umepata wakati uliopita na ujao kwa vineno viwili, huna haja ya kujaza kichwa na majedwali mwezi wa kwanza. Isipokuwa vitenzi vichache vya kwenda na kufika vinatumia "être" badala ya "avoir": "Le colis est parti", mzigo umeondoka. "Le colis est arrivé", mzigo umefika.

Kitu kingine: sisi nafsi tunaibandika kwenye kitenzi, "ninataka", "mnataka". Wao inasimama peke yake: "je veux", "vous voulez". Usiiache nje. Ukisema "veux" tupu, msikilizaji hajui ni nani anayetaka.

4. Heshima iko kwenye "vous"

"Tu" ni wewe kwa rafiki, ndugu au mtoto. "Vous" ni ninyi, lakini ndiyo hiyohiyo unayomwambia mtu mmoja unayemheshimu au usiyemzoea. Mteja mpya ni "vous" mpaka yeye mwenyewe akuonyeshe vinginevyo. Sisi hatuna hiyo, heshima yetu iko kwenye shikamoo na kwenye kumwita mtu mama, dada, kaka. Ukichanganya zote mbili na mteja wa Kongo, "Bonjour Maman, vous voulez combien de pièces ?", umeingia mlangoni vizuri.

Na ukitaka kitu usiseme "je veux", nataka, inasikika kama unaamrisha. Sema "je voudrais", ningependa. "Je voudrais une avance, s'il vous plaît." Naomba malipo ya awali, tafadhali. Unadai hela yako na hakuna aliyechukia.

5. "De" ni ile "-a" yetu

Bei ya mkoba: le prix du sac. Rangi ya gauni: la couleur de la robe. "De" inafanya kazi ya "ya, wa, la, cha", ila haibadiliki kwa ngeli kama ya kwetu. Inachofanya ni kumeza: de + le inakuwa "du", de + les inakuwa "des". Mbele ya la inabaki "de la".

Baada ya kipimo inabaki "de" tupu: une douzaine de sacs, dazeni ya mikoba. Beaucoup de sacs, mikoba mingi. Na baada ya kukataa pia: je n'ai pas de sacs noirs, sina mikoba myeusi.

Kwenye umiliki tuna bahati. "Son sac" ni mkoba wake, "sa robe" ni gauni lake, "ses chaussures" ni viatu vyake. Kineno kinafuata kitu kinachomilikiwa, hakijali mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Ni kama "wake, lake, vyake" kabisa. Kwa hiyo mteja akisema "c'est pour son mariage", ni kwa ajili ya harusi yake, bado hujajua ni bwana harusi au bibi harusi. Uliza kabla hujachagua mkoba.

6. Namba, mkato na saa

Hii si sarufi sana, lakini ndipo hela ilipo. Ukijifunza kutoka vitabu vya Ufaransa utaambiwa 70 ni "soixante-dix", sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", ishirini nne na kumi. Mteja wa Komoro atakuambia hivyo. Lakini Kongo, Burundi na Rwanda wanasema kama Wabelgiji waliowatawala: 70 ni "septante", 90 ni "nonante". 80 inabaki "quatre-vingts". Jifunze zote mbili. Hatari ya "soixante-dix" ni kwamba ukishasikia "soixante" unaandika 60 na kuacha kusikiliza.

6 na 10 nazo zinafanana kwa sauti: "sis" na "dis". Na mkato: sisi tunaandika 1,500 kwa elfu moja na mia tano. Kwa aliyesoma Kifaransa, mkato ndio nukta ya desimali, kwa hiyo 1,500 kwake ni moja na nusu. Andika 1500 bila alama yoyote, au acha nafasi: 1 500.

Saa pia. Akiandika "8h" ni saa mbili asubuhi, si saa nane. "14h" ndiyo saa nane mchana. Halafu kumbuka Lubumbashi na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Akisema atapiga 8h ya kwake, kwako Dar ni saa tatu.

Sasa fanya hivi kila oda

Hata ukijua yote haya, utakosea. Mimi bado nakosea. Kwa hiyo nina sheria moja dukani: sichukui mzigo kwa sentensi ya mteja, nachukua kwa sentensi yangu aliyoikubali. Naigeuza oda yake iwe sentensi fupi isiyo na kukataa ndani yake, namba naandika kwa tarakimu, na picha nabandika:

"Donc : 36 sacs, tous noirs. C'est bien ça ?"

Yaani: kwa hiyo, mikoba 36, yote myeusi, ndivyo? Akijibu "Oui, c'est ça", ndo nanyanyuka. Meseji ya sekunde kumi hiyo. Ningeituma siku ile, 150,000 yangu ingekuwa mfukoni.

Anza na daftari moja. Ukurasa wa kwanza zile sentensi tano za kukataa. Ukurasa wa pili bidhaa zako kumi, kila moja na "le" au "la" yake. Ukurasa wa tatu nimelipa, nitalipa, nimetoka kulipa. Usiende mbele mpaka uzitumie kwa mteja halisi.

Yule mama hakuniacha. Wiki ile nilimtumia ujumbe wa sauti niliofundishwa na jirani: "Je me suis trompée. Pardon, Maman." Nimekosea, nisamehe. Maandishi yake yana e ya ziada mwishoni kwa sababu mimi ni mwanamke. Kaka ataandika "trompé". Alicheka, akasema nimeanza kusoma. Baada ya miezi miwili akaagiza tena: "Toutes les couleurs, sauf le noir." Rangi zote, isipokuwa nyeusi.

Nilikaa nayo hiyo "sauf" dakika nzima. Kisha nikamwandikia: "Donc : 24 sacs, aucun noir. C'est bien ça ?"

"Oui, c'est ça," akajibu. Ndipo nikaenda kuchukua mzigo.